Kijitabu cha Kando: Je, Huongeza Kitu katika Mfululizo wa Riwaya?

Miongoni mwa maswali yanayozuka kila walimu wa Kiswahili wakutanapo kuzungumzia vitabu vya kusomesha, limo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo. Mwandishi amekwisha kutoa mfululizo wa riwaya zilizopendwa: za mapenzi yaliyochanganyika na majini, mizimu, wafu wasiokufa na mambo mengine ya ghaibu. Kisha hutoa kijitabu chembamba, kinachosimulia kisa cha pembeni: habari za mhusika mdogo, au mambo yaliyotokea kabla ya hadithi kubwa kuanza. Je, kijitabu hicho cha kando huongeza kitu, au ni mabaki ya chungu yaliyopakuliwa mara ya pili?

Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hatutatafuta kanuni hewani, bali tutavitazama vitabu vyenyewe, kwa mpangilio wa miaka yake, tuone kila kimoja kilifanya kazi gani. Baadhi yake vimeandikwa kwa Kiswahili, na vingine vilizaliwa ughaibuni. Yafaa ikumbukwe kwamba hadithi za mapenzi na viumbe wa ghaibu si jambo geni kwetu. Bibi zetu walizisimulia kabla ya mtu yeyote kuzipiga chapa.

Swali hili tumeliweka Magara kwa makusudi. Magara ni mji mdogo wa wavuvi na wachuuzi, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Kiswahili kilifika mwambao huu kwa misafara na mitumbwi ya biashara iliyotoka Ujiji katika karne ya 19. Wajerumani walikitumia katika utawala wao. Zama za Wabelgiji, wamisionari wengi hawakutaka kiwe lugha ya shule, kwa kuwa walikihesabu kuwa lugha ya Uislamu na ya mjini. Hata hivyo hakikufa. Kilibaki sokoni, misikitini na majini. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, haja ya kukifundisha darasani ilipata nguvu mpya. Lakini lugha iliyoishi sokoni kwa miaka mingi ina wasemaji wengi kuliko ilivyo na rafu za vitabu. Mwalimu wa mwambao huu, anapopata fedha za kununua kitabu kimoja, hawezi kununua kingine mwezi ule. Kwake yeye, kujua kama kijitabu cha kando kina faida si jambo la anasa. Akikosea, darasa zima litasoma nusu ya hadithi.

Mwambao huohuo watupa mfano mzuri wa kuanzia, ingawa si wa kitabu. Mwezi wa Novemba 1871, Stanley alikuwa amekwisha kumpata Livingstone pale Ujiji. Safari yake kubwa ilikuwa imefikia lengo lake. Hata hivyo, wawili hao walipanda mtumbwi wakaelekea kaskazini, wakiufuata mwambao wa mashariki ambao leo ni wa Burundi. Jiwe la Mugere, kusini ya Bujumbura, lakumbusha kwamba walipumzika hapo tarehe 25 ya mwezi huo. Safari hiyo ndogo ilichukua karibu mwezi mmoja. Kwa nini waliifanya? Kwa sababu safari za waliotangulia ziliacha swali moja bila ushahidi wa macho: je, mto Rusizi huingia katika ziwa, au hutoka humo? Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto huingia, lakini hawakufika mdomoni kwake. Mwaka 1871 jambo hilo lilionekana kwa macho: Rusizi huingia ziwani. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Safari ile ya kando haikuwa kubwa, wala haikuhitaji kuwa kubwa. Thamani yake ilitokana na swali moja lililokuwa limeachwa wazi, nayo ikalijibu. Tukishike kipimo hicho tunapoviendea vitabu.

Kitabu cha kwanza kinatoka Uingereza, lakini mtu wake mkuu anajulikana kwa wasomaji wa Kiswahili. H. Rider Haggard alitoa mwaka 1885 riwaya ambayo Frederick Johnson aliitafsiri kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri iliyotoka mwaka 1929. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili. Riwaya yenyewe imejaa dharau za mtu wa dola kwa Waafrika, na mwalimu hana budi kuzitaja waziwazi anapoisomesha. Msimulizi wake, mwindaji Allan Quatermain, asema kwamba anaandika kwa ajili ya Harry, mwanawe anayesomea udaktari London. Mama yake Harry hatumwoni. Mwaka 1887 ilifuata riwaya ya pili, ambayo msafara wake waanzia Lamu na kuupanda mto Tana. Humo twaambiwa kwanza kwamba Harry amekufa kwa ndui, na mwishoni Allan mwenyewe afariki.

Hapo ndipo penye pengo. Msomaji amemzika mtoto na baba bila kumjua mama. Mwaka 1889 Haggard akatoa riwaya fupi juu ya mke wa Allan. Hiki ndicho kijitabu cha kando hasa, na ni cha mapenzi na mambo ya ajabu. Stella, mke huyo, alikuwa na mwandani aliyeitwa Hendrika, mwanamke aliyelelewa na manyani, ambaye alimpenda bibi yake hata akamwonea wivu Allan. Wivu huo waleta maangamizi. Stella afariki baada ya kumzaa Harry.

Je, kijitabu hiki kimeongeza nini? Kimeongeza uzito wa jambo ambalo tulikuwa tumekwisha kulisoma. Mtu akirudi katika riwaya ya mwaka 1887, kifo cha Harry si kifo cha kijana asiyejulikana tena. Ni kukatika kwa kitu cha mwisho alichoachiwa Allan na mkewe. Maneno ya riwaya kubwa hayakubadilishwa hata moja, lakini maana yake imezama zaidi. Hiyo ni faida halisi. Lakini Haggard hakuishia hapo. Aliendelea kumfufua Allan katika kitabu baada ya kitabu, hata vingine vikatoka baada ya kufa kwake Haggard mwenyewe mwaka 1925. Katika nyingi za hadithi hizo hapakuwa tena na pengo la kuzibwa. Palikuwa na mhusika aliyependwa na wasomaji waliokuwa tayari kununua.

Mfano wa pili ni wa kwetu. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze. Kisa cha ndugu wawili wenye husuda waliogeuzwa manyani, cha jini Huria, na cha Mwelekevu aliyependwa na Adili, kina undugu wa karibu na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela. Hapa mambo yamepinduka. Haggard aliongeza kijitabu pembeni ya msafara wake mwenyewe. Shaaban Robert alichukua kisa kimoja kutoka katika msafara mrefu wa watu wengine, akakipa nyumba yake. Alikipa majina ambayo ni mafundisho, Adili, Hasidi na Mwivu, na lugha ambayo walimu wameitumia kufundishia ufasaha kwa miaka mingi. Msomaji wa Magara asiyepata kusikia hata usiku mmoja katika elfu na moja akisoma kitabu hiki hapungukiwi na kitu. Hakiulizi mlango wa nyumba nyingine.

Twaona basi kwamba vipo vijitabu vya namna mbili. Kuna kile kinachoegemea, ambacho nguvu yake yatoka katika vitabu vikubwa. Na kuna kile kinachosimama, ambacho hata kama kina ukoo, chatembea kwa miguu yake. Si lazima kimoja kiwe bora kuliko kingine. Lakini mwalimu asipozipambanua namna hizo mbili, atampa mwanafunzi mkongojo akidhani amempa mguu.

Mfano wa tatu ni wa mfululizo uliostawi bila kijitabu cha kando. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la hadithi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, akafuatisha Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Majina mawili ya kwanza yanaahidi mizimu na wachawi, kwani Giningi katika masimulizi ya Unguja ni mji wa wachawi. Ahadi hiyo ni mtego. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, hutuonyesha kwamba nyuma ya mzimu pana mkono wa mtu.

Kwa nini mfululizo huu haukuhitaji kijitabu cha pembeni? Kwa sababu kila kitabu hufunga hesabu zake. Muuaji hujulikana, siri hufichuliwa, na msomaji huondoka bila deni. Mtu aweza kuanza na kitabu chochote. Mwandishi alipotaka kuongeza kitu kipya hakutafuta mhusika wa pembeni. Alimgusa shujaa mwenyewe, kama lisemavyo waziwazi jina la kitabu cha mwaka 1984. Somo hapa ni kwamba pengo haliwezi kubuniwa baadaye kwa ajili ya kulijaza. Hadithi isiyoacha deni haina cha kulipwa.

Mfano wa nne ni mgumu, na kwa sababu hiyo ndio unaotufaa zaidi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Vyote viwili ni vyembamba. Havina mapenzi ya kawaida, lakini vimejaa mambo ya ghaibu kuliko riwaya zake nne zilizotangulia. Katika Nagona mtafutaji apita katika nchi ya mafuvu na vivuli, akakutana na wanafalsafa waliokufa zamani, akimfuatia paa asiyeshikika kwa urahisi. Katika Mzingile msimulizi amfuata mzee mmoja kumpelekea habari za kifo cha mwanawe, na mwishowe dunia imekwisha kuteketezwa, wamebaki mwanamume na mwanamke wa kuanza upya.

Wasomaji wameulizana kama ni kitabu kimoja kilichokatwa katikati au ni viwili. Sisi twaona kwamba Mzingile ni kitabu cha kando chenye tabia ya pekee: hakijibu swali la Nagona, bali hulihoji. Nagona yaelekea kwenye ngoma kuu na tumaini la mkombozi. Mzingile yauliza tumaini hilo litakuwa na maana gani ikiwa binadamu ana silaha za kuifuta dunia. Mtu aliyesoma kitabu cha kwanza peke yake aweza kufunga ukurasa wa mwisho akiwa amefarijika. Aliyesoma vyote viwili hawezi kufarijika kwa urahisi huo. Hiyo ni nyongeza kubwa, japo haikuongeza hata tukio moja katika kisa cha kwanza. Twajifunza kwamba kuongeza si kueleza tu. Kitabu chaweza kuongeza kwa kubishana na ndugu yake.

Mfano wa mwisho ni wa karibuni, na ndio ulio katikati ya swali letu. Mwandishi wa Marekani Stephenie Meyer alitoa kuanzia mwaka 2005 hadi mwaka 2008 riwaya nne za mapenzi kati ya msichana Bella na Edward, kijana wa wale wafu wanyonyao damu za watu. Mfululizo huo ulisomwa duniani kote. Katika riwaya ya tatu, ya mwaka 2007, atokea kwa kurasa chache msichana aitwaye Bree, mmoja wa jeshi la wanyonya damu wachanga lililoundwa ili kumwua Bella. Jeshi lashindwa, Bree ajisalimisha, na wakubwa wa jamii yake waamuru auawe. Mwaka 2010 Meyer akatoa riwaya fupi inayosimulia maisha ya Bree kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa upande mmoja, kijitabu hiki kina udhaifu ulio dhahiri. Msomaji ajua tangu jalada kwamba Bree atakufa, na mapenzi ya Bella na Edward, ambayo ndiyo yaliyowavuta wasomaji, humo yako mbali. Aliyekitafuta kwa ajili ya wapenzi hao alirudi mikono mitupu. Kwa upande mwingine, chaonyesha vita vilevile kutoka upande wa walioshindwa. Twaona kwamba askari hao walikuwa vijana waliookotwa mitaani, wakadanganywa na kutumiwa. Twaona pia kwamba wale wakubwa waliokuja kuhukumu walijua habari za jeshi tangu mapema, wakaliacha litende. Katika riwaya kubwa adui alikuwa kundi lisilo na uso, na hukumu ilionekana kuwa ukali wa sheria. Katika kijitabu adui ana jina, na hukumu ni hila. Kijitabu hiki chaegemea kabisa, wala hatungeshauri mtu akianze kabla ya vile vikubwa. Lakini kimeongeza jambo ambalo Bella, kwa kuwa ndiye msimulizi, hakuweza kutuambia.

Pana hoja ya upinzani ambayo hatuna budi kuipima. Wako wasemao kwamba katika hadithi za ghaibu ukimya ni nusu ya utamu. Jini anayeelezwa kila kitu, tangu kuzaliwa hadi chakula apendacho, si jini tena, amekuwa jirani. Kila kijitabu cha kando, wasema, huwasha taa katika chumba ambacho mwandishi alikiacha gizani kwa busara. Hoja hii ina ukweli. Msimulizi hodari wa hadithi za jioni hajibu kila swali la watoto. Huwaacha walale nalo. Lakini ipo tofauti kati ya giza na pengo. Giza ni lile ambalo hadithi yenyewe yalihitaji ili iogofye au ivutie. Pengo ni mahali ambapo msomaji amenyimwa haki ya kumjua mtu aliyetendwa jambo zito. Asili ya jini ni giza, na yafaa iachwe. Mama yake Harry ni pengo. Bree, aliyeuawa kwa neno moja, ni pengo.

Kutokana na mifano hiyo twaweza kumpa mwalimu vipimo vitatu. Kwanza, aulize: je, vitabu vikubwa viliacha deni, na kijitabu hiki kinalilipa? Pili: je, baada ya kukisoma, nitavisoma vile vikubwa kwa jicho jingine? Tatu: je, mwanafunzi asiye na vile vikubwa aweza kukifuata? Kikipita vipimo viwili vya kwanza lakini kikashindwa cha tatu, ni kitabu cha maktaba yenye vingine. Kikipita cha tatu, hata kama ni chembamba, ni kitabu cha darasa. Kikishindwa vyote, jina la mwandishi mashuhuri lisimshawishi mtu kutoa fedha yake.

Kwa mwalimu wa Magara, jibu laelea wazi. Akiwa na fedha ya kitabu kimoja, anunue kinachosimama. Adili na Nduguze ni cha namna hiyo, na kitabu chochote cha Bwana Msa vilevile. Nagona na Mzingile zinunuliwe kwa pamoja, au zingojewe hadi ziweze kununuliwa kwa pamoja, na zipewe wanafunzi wa madarasa ya juu.

Lakini lipo jambo moja ambalo halihitaji fedha. Kijitabu cha kando, kama tulivyoona, huzaliwa mtu anapomtazama mhusika mdogo na kuuliza: naye huyu aliona nini? Swali hilo ni zoezi la insha lililo tayari. Baada ya kusoma Adili na Nduguze, wanafunzi waandike usiku mmoja katika maisha ya Hasidi akiwa nyani: aliyaonaje mapigo, na alimfikiriaje ndugu yake? Waandike kwa kurasa mbili, bila kubadili neno lolote la Shaaban Robert. Atakayeweza kufanya hivyo atakuwa amejifunza nafsi, nyakati na usimulizi kwa wakati mmoja, na atakuwa amelielewa jibu la swali letu kuliko msomaji wa makala haya. Zikikusanywa, insha hizo zitakuwa kijitabu cha kwanza katika rafu ya darasa lake, kilichoandikwa kwa Kiswahili cha mwambao huo.